Arles: Ng'ombe na Tishari Kwanza, Van Gogh Baadaye

Mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, naupa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaisema mbele. Nahukumu kama mtu wa kazi. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, natembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja, na riziki yangu yote imetoka kwenye mawe ya zamani. Kwa hiyo nikifika mji wa watu sitazami majengo peke yake. Natazama kivuli kiko wapi, choo kiko wapi, maelezo ya ukutani yameandikwa na mtu anayejua au na mtu aliyeamriwa tu aandike, na mgeni akichoka anakaa wapi bila kulazimishwa kuagiza kahawa.

Nilikuwa Marseille kwa binti ami yangu, aliyeolewa na Mngazija, mtu wa Komoro. Wangazija Marseille ni wengi mno, hata sokoni unasikia lugha yao kabla ya Kifaransa. Shemeji aliposikia nataka kwenda Arles alicheka. "Shemeji, mawe si umeyaacha kwenu? Kaa hapa ule samaki." Nikamwambia samaki nao nimewaacha kwetu. Treni ya mkoa kutoka stesheni ya Saint-Charles inachukua kama saa moja, na si lazima uwe umekata tiketi wiki mbili kabla kama zile treni za kasi. Unafika, unatembea kwa miguu, dakika kumi hivi uko ndani ya mji.

Wengi wanakwenda Arles kwa sababu ya Van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi, basi nianze naye nimmalize. Aliingia mji huu Februari 1888 akaondoka Mei 1889, na ndani ya muda huo alifanya kazi zaidi ya 300, michoro ya rangi na ya wino. Mji wenyewe haumiliki hata mchoro mmoja wa rangi wa kwake. Kuna taasisi yenye jina lake, ilifunguliwa 2014, inayoazima kazi zake kutoka makumbusho nyingine na kuzichanganya na wasanii wa leo. Kabla hujalipa, uliza siku hiyo wana ngapi. Ile nyumba yake ya manjano ilikuwa uwanja wa Lamartine, njiani unapotoka stesheni, nayo iliangushwa na mabomu mwaka 1944. Jengo refu lililokuwa nyuma yake bado limesimama, na pameekwa ubao wenye nakala ya mchoro, ili usimame ulinganishe kilichopo na kilichokosekana. Mbao hizo zimetawanywa mji mzima. Nzuri ni ile ya hospitali ya zamani alikopelekwa baada ya kujikata sikio, Desemba 1888: bustani ya uani imepandwa kwa kufuata mchoro wake, kuingia ni bure, na chini ya matao kuna kivuli.

Kitu kimoja sikuona kikielezwa vya kutosha. Mwaka 1889 majirani wake wapatao thelathini walitia saini barua kwa meya wakitaka mtu huyu aondolewe mitaani kwa sababu anawatisha. Leo nusu ya maduka ya mji huo yanauza vikombe, miavuli na soksi zenye alizeti alizozichora. Mimi ningekuwa natembeza wageni pale, hapo ndipo ningeanzia, na bakhshishi ningepata.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe.

Uwanja wa Warumi, ambao wenyeji wanauita Arènes, ulijengwa mwishoni mwa karne ya 1. Una matao 60 chini na 60 juu, na walikaa watu kama 20,000. Dola ya Roma ilipoanguka watu walihamia ndani yake kabisa. Wakaziba matao, wakajenga nyumba zaidi ya 200 na makanisa mawili madogo, wakaweka minara ya ulinzi, ukawa mji ndani ya ukuta wa uwanja. Mitatu kati ya minara hiyo bado ipo, na mmoja unaruhusiwa kuupanda; juu unaona mapaa ya vigae yote na mto Rhône unavyopinda. Miaka ya 1820 serikali ikaanza kuzibomoa zile nyumba ili uwanja urudi ulivyokuwa. Mimi ninapoambiwa mji wa kale "umesafishwa" huwa nauliza waliokuwamo walikwenda wapi, na katika mbao za maelezo nilizozisoma sikupata jibu.

Lakini usiende Arènes siku ya kawaida, ukalipa, ukazunguka, ukapiga picha, ukatoka. Nenda siku ya ng'ombe.

Hapa panahitaji uangalifu. Kuna michezo miwili, na mabango yake yanafanana kwa mtu asiyesoma Kifaransa. Ukiona limeandikwa corrida, hiyo ni ya Kihispania, fahali anachomwa na kuuawa mbele yako. Inafanyika hasa katika sikukuu zao za Pasaka na za Septemba, na watu wa huko wenyewe wanagombana juu yake. Sikwenda, na sina hamu. Ukiona course camarguaise, kata tiketi. Huu ni mchezo wa wenyeji wa Camargue, nchi tambarare ya mabwawa na chumvi iliyoko kati ya mji na bahari, na ng'ombe hauawi. Anacheza, anarudi malishoni, msimu ujao analetwa tena.

Mpemba yeyote akisoma hapo ataelewa kwa nini nilikaa wima. Kwetu ng'ombe anachezwa, tunaambiwa ni jambo lililoachwa na Wareno: zumari inalia, kijana anamchokoza kwa kitambaa, watu wako juu ya miembe, na ng'ombe hurudi zizini mzima. Sikutegemea kuikuta hali hiyo ndani ya jengo la Warumi, Wazungu wazee wakiwa wamekalia vitakia vyao huku wanafungua karanga.

Ng'ombe wa Camargue ni weusi, wadogo wa umbo, pembe zao zimepanda juu badala ya kutawanyika pembeni. Kwenye paji la uso, katikati ya pembe, anafungwa kitambaa kidogo chekundu, na kwenye mashina ya pembe vishada viwili vyeupe vya sufu na nyuzi. Vijana wamevaa nyeupe tupu, kila mmoja ana chuma chenye meno mkononi, kama kitana cha kushika kiganjani, na kazi yao ni kumpita ng'ombe mbio kwa duara na kukinyakua kitambaa. Ng'ombe anapewa robo saa. Wakati huo mtu wa kipaza sauti hanyamazi: kitambaa kina yuro kadhaa, sasa duka fulani limeongeza, sasa duka la mkate la mtaa fulani limeongeza, na dau linapanda kadiri ng'ombe anavyowashinda. Kijana akizidiwa anaruka ubao wa pembeni na kudakia kuta za juu kwa mikono miwili. Nilimwona ng'ombe mmoja akaruka naye. Ubao ukapasuka, mtu ananing'inia juu, ng'ombe yuko chini yake anapumua, na kwa kitambo hakuna aliyejua nani atakaa hapo muda mrefu zaidi. Watu walisimama. Muziki ukapigwa, nikadhani ni wa kumsifu kijana. Babu wa pembeni yangu akanisahihisha: ni wa ng'ombe.

Na kweli, ukitazama bango, jina la ng'ombe linaandikwa kwa herufi kubwa kuliko la binadamu. Ng'ombe hodari wanajulikana, wana wapenzi wao, wanasimuliwa baada ya kufa. Yule babu alinitajia mmoja wa ujana wake kwa namna mtu anavyomtaja mwalimu wake wa chuoni.

Chukua kitu cha kukalia. Mawe yale hayana huruma, na upande wa jua mwezi wa Julai utaiva. Lipa zaidi kidogo ukae kivulini.

Ukitoka hapo, ukumbi wa tamthilia wa Kirumi uko hatua chache tu, umebaki na nguzo mbili refu na viti. Pita, tazama, endelea. Nguvu zako ziweke kwa mlango wa kanisa la Saint-Trophime, katika uwanja wa Jamhuri. Mimi nimeeleza milango ya nakshi mpaka naota misumari ya shaba, sikutarajia kusimama tena mbele ya mlango. Huu ni wa karne ya 12, wa mawe, na unasimulia Siku ya Hukumu kwa watu wasiojua kusoma. Masihi yuko katikati juu. Upande mmoja waliookoka wamejipanga, wamevaa nguo zao vizuri. Upande wa pili waliolaaniwa wako uchi, wamefungwa mnyororo mmoja, wanaongozwa kwenye moto unaochomoza chini ya miguu yao. Simama karibu uwatazame nyuso mmoja mmoja. Fundi aliwachonga wale wa motoni kwa bidii zaidi, na nadhani alijua watu watasimama upande gani. Kanisani kuingia ni bure. Ua wa ndani wenye baraza za nguzo ni wa kulipia, umo katika tiketi ya pamoja.

Hiyo tiketi ya pamoja ichukue. Ziko za aina zaidi ya moja, na bei hubadilika, lakini ukishaingia sehemu tatu au nne pesa yako imerudi. Inafungua Arènes (siku zisizo na mchezo), ukumbi wa tamthilia, mahandaki yaliyo chini ya Forum, uwanja wa mikutano wa Warumi, hamamu za Constantin, na makaburi ya Alyscamps, njia ndefu yenye majeneza ya mawe kushoto na kulia. Van Gogh na mchoraji mwenzake Gauguin walikwenda kuchora pale pamoja msimu wa majani kupukutika wa 1888. Pana miti na ukimya, na sikuona anayeuza kitu. Mahandaki ni ya baridi na maji yanatonatona. Mwenye mgonjwa wa magoti amwache juu.

Kitu bora kuliko vyote Arles kiko nje ya katikati ya mji, na watu wengi hawafiki. Ni makumbusho ya mambo ya kale, jengo la rangi ya buluu lililofunguliwa 1995 kando ya mto. Hapa ndipo ilipopotea ile nyota. Njia ya kwenda ni mbaya. Unatembea, mji unaisha, unaingia chini ya barabara kuu ya magari, vibao vinatoweka, unaanza kujiuliza kama umepotea. Watu wa mizigo na watoto wanakata tamaa hapo. Ningekuwa mwenye mji ningepaka mstari wa buluu chini kutoka Arènes mpaka mlangoni.

Ndani kuna tishari, chombo cha kubebea mizigo mtoni. Lina urefu wa mita 31, la mbao, limelala zima ndani ya ukumbi ulioongezwa kwa ajili yake. Lilizama katika Rhône karne ya 1 likiwa limepakia mawe ya kujengea, kama tani thelathini, na likafunikwa na tope na takataka za bandari. Hizo takataka ndizo zilizoliokoa. Wapiga mbizi waliliona 2004, wakalitoa 2011 kwa kulikata vipande kumi, mbao zikalowekwa dawa na kukaushwa, na tangu 2013 limeunganishwa tena.

Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari ile. Babu yangu alikuwa fundi wa mashua Wete, na mimi nimecheza kwenye chelezo lake kabla sijaenda shule. Tishari hili halina mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Chini ni bapa, kwa sababu mto hauna kina cha kuaminika, na pande zake kila moja ni nusu ya gogo, kama mtu alichukua mtumbwi akaupasua katikati kwa urefu, akauweka kushoto na kulia, kisha akajaza mbao baina yake. Mataruma, yaani mbavu za chombo, unayaona yote. Viungo vimezibwa kwa kitambaa na lami. Kalafati yetu, hiyo ya kuziba viungo, ni ya pamba na mafuta ya sifa, lakini mkono unaoisukuma ndani ni ule ule. Mbele kuna mlingoti, na unaweza kufikiri ni wa tanga. La. Ni wa kufungia kamba, ili watu wakae ukingoni waivute chombo kupanda mto. Nilivyosoma hapo mgongo uliniuma kwa niaba yao.

Nyuma ndiko walikokaa mabaharia. Kuna kitako cha mtungi mkubwa uliovunjika, kimegeuzwa jiko. Walikuwa na vyombo vyao vya kulia, viko kwenye kabati la kioo pembeni. Yaani mtungi ulipasuka, mtu akasema usitupe, tutapikia. Kila chombo nilichokipanda mimi kutoka Mkoani kina jiko la namna hiyo.

Maelezo ya chumba hiki yameandikwa na anayejua. Michoro inaonyesha kila ubao ulivyokatwa, na kuna filamu ya upigaji mbizi ambayo haichoshi. Katika ukumbi mwingine kuna kichwa cha marumaru kilichotolewa mtoni 2007, wanasema ni Julius Caesar, wengine wanabisha. Kikitazamwa ni mzee mwenye mikunjo shingoni. Watu walijazana hapo kwa sababu ya jina, tishari nikawa nalo peke yangu.

Chakula. Mwislamu anayekwenda Arles asome hapa polepole. Chakula chao cha sifa ni gardiane, nyama ya fahali iliyopikwa taratibu, na inapikwa kwa mvinyo mwekundu. Katika mkahawa mmoja wa uwanja wa Forum, jina naliacha, nilimuuliza mhudumu kwa Kifaransa changu cha kuuzia safari kama ndani ya gardiane yao mna mvinyo. Akasema hamna. Bibi mmoja wa meza ya jirani, mwenye mbwa mapajani, akaniangalia akatikisa kidole: "Bwana, bila mvinyo hiyo si gardiane." Nikaagiza saladi, ikaja ndogo na ghali, na bili iliwahi kuliko mkate. Mikahawa ya uwanja ule inategemea wageni ambao hawatarudi. Kahawa kunywa kama unataka kutazama watu. Kula katembee vichochoroni.

Ama fanya kama nilivyofanya, subiri Jumamosi. Soko la Jumamosi asubuhi linafuata barabara ya Lices na kuendelea, na mwisho wake huuoni. Zeituni za kila rangi kwenye madumu, jibini za mbuzi, asali, samaki, sabuni, vyungu, mashati. Wauzaji wengi ni watu wa Morocco na Algeria, ukitoa salamu unajibiwa na unaonjeshwa. Tapenade, zeituni zilizopondwa na kapari na dagaa wa chumvi, ilikuwa chakula changu cha mchana pamoja na fougasse, mkate wao bapa wenye matundu. Fougasse angalia: moja ina zeituni, jirani yake ina vipande vya nguruwe, na kwa mbali ni mapacha. Saa saba mchana soko limekwisha na magari ya kufagia yameingia, usiende ukiwa umechelewa.

Nilinunua pia mchele mwekundu wa Camargue. Kilimo cha mpunga huko kilifufuliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na vibarua wa Kivietinamu, waliochukuliwa kutoka koloni la Ufaransa wakati huo na kuingizwa mashambani. Mchele ni mgumu, una ladha ya njugu, unataka maji mengi. Binti ami yangu aliutia kwenye pilau. Haukukubali. Siku ya pili aliuchanganya baridi na nyanya, vitunguu na ndimu, ukaliwa mpaka chungu kikakwanguliwa.

Kuna na upande mpya, Luma, kituo cha sanaa chenye mnara wa mita 56 wa msanifu majengo Frank Gehry, uliofunguliwa 2021 mahali palipokuwa karakana za reli, umefunikwa vipande 11,000 vya chuma vinavyong'aa kila kimoja kwa pembe yake. Wazee wa mji wengine hawautaki kuusikia. Mimi sikuuchukia, ila ulinifumba macho. Bustani yake ni bure na ina bwawa, na ndani ya mnara kuna mitelezo ya kuzunguka ambayo watoto wako hawatataka kuiacha.

Mambo madogo ya mwisho. Makumbusho ya buluu hufungwa Jumanne. Viatu viwe vya kutembea, kwa kuwa mitaa ni ya mawe na mteremko, na anayesukuma kiti cha magurudumu atapata tabu. Upepo wa mistral ukivuma, hata kiangazi, chukua koti na usivae kofia unayoipenda. Ukiwa na siku moja tu, chagua ya mchezo wa ng'ombe: asubuhi tishari, mchana ule sokoni au vichochoroni, alasiri Arènes. Na tiketi ya kurudi chukua ya treni ya jioni kabisa, maana ng'ombe wao, kama wetu, hawajui saa iliyoandikwa kwenye bango.